Kipimo cha thairoidi kimesoma sawa, mbona nimechoka hivi tangu nijifungue?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 34, nina mtoto mmoja ana miaka 5. Siku najifungua kondo la nyuma liligoma kutoka, nikatoka damu nyingi mno nikazimia, nimekuja kushtuka kesho yake nimetundikiwa damu, waliniongezea chupa 4. Maziwa hayakutoka kabisa, nimekunywa mtori na uji wa pilipili manga mpaka nikauchukia, mtoto akakua kwa maziwa ya kopo. Siku zangu hazijarudi mpaka leo na sijawahi kuchoma sindano wala kuweka kijiti. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa na nafuu ila sa hivi nina uchovu wa ajabu, naamka nimechoka, nafua nguo tatu nakaa chini. Nasikia baridi hapa hapa Dar watu wakiwa wanajipepea. Ramadhani iliyopita siku ya tatu nilianguka saa 9 mchana nikapewa maji ya sukari ndo nikazinduka. Presha yangu huwa 90 kwa 55. Nilipima TSH ikasoma 2.1 nikaambiwa thairoidi iko sawa, damu 10.4 nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Kuna dada anauza chai ya kubalansi homoni, dozi ya miezi 3 laki mbili na nusu, nimemaliza hamna kitu. Dada yangu mkubwa ana tatizo la thairoidi anameza thairoksini, anasema dalili zetu zinafanana akanigawia pakiti yake moja nijaribu. Je nianze? Na kuna dawa gani ya kweli ya kubalansi homoni? Mama mkwe anasema ni uvivu, wengine wanasema nimefungwa kizazi."

Marahaba mama. Nianze na la haraka halafu mengine tutayaongea taratibu: hizo thairoksini za dada yako usimeze, hata nusu kidonge. Sio kwamba ni dawa mbaya, ni dawa nzuri sana na inawezekana huko mbele ukaja kuitumia maisha yako yote, ila kwa hali uliyoieleza ukianza na hiyo kabla ya kitu kingine unaweza kuishia kitandani hoi, na sababu yake nitakueleza huko chini.

Nimesoma swali lako mara mbili. Unajua kilichonishtua sio uchovu, uchovu kila mtu anao, kwenye foleni ya kliniki yangu kwenye wagonjwa kumi saba wataniambia wamechoka. Kilichonishtua ni mpangilio. Damu nyingi siku ya kujifungua, maziwa hayakutoka hata tone, siku hazijarudi miaka 5, baridi, presha ya chini, kuanguka ukiwa na njaa. Umeyapeleka haya kwa watu tofauti kila moja kivyake, la maziwa kwa bibi, la siku kwa wamama wa mtaani, la damu kwa maabara, la uchovu kwa muuza chai, na kila mmoja akakujibu kipande chake. Hakuna aliyeyashika yote kwa pamoja. Na mimi ngoja nikuulize kitu ambacho hukuandika: mara ya mwisho kunyoa kwapa ni lini? Maana wanawake wenye tatizo ninalolifikiria huwa nywele za kwapa na za huko chini zinapungua zenyewe taratibu mpaka zinaisha, na hawasemi, wengine wanafurahia kabisa wamepunguziwa kazi. Halafu jiangalie kwenye kioo mchana dirishani: nyusi pembeni zimepungua? Una mikunjo midogo midogo pembeni ya midomo na macho kama ya mtu aliyekuzidi umri? Ngozi imepauka hata kabla hujaambiwa damu 10.4? Kama jibu ni ndio ndio ndio, soma mpaka mwisho.

Ndani ya kichwa, chini ya ubongo, usawa wa nyuma ya macho, kuna tezi inaitwa pituitari. Ni ndogo kama punje ya njegere, uzito wake kama nusu gramu tu. Lakini kadogo hako ndo kanatuma amri kwa karibu tezi zote kubwa: kanaiambia thairoidi ya shingoni ifanye kazi, kanaziambia tezi zilizokaa juu ya figo zitoe kotizoli, kanayaambia mayai ya kizazi yakomae, kanayaambia matiti yatoe maziwa. Sasa mwanamke akibeba mimba tezi hii inavimba, kwa sababu zile seli za kutengeneza homoni ya maziwa zinaongezeka kujiandaa, inaweza kukua kwa theluthi nzima au zaidi. Mwili mkubwa unahitaji damu nyingi, ila mishipa inayoilisha ni ile ile, na sehemu kubwa ya damu inayofika pale inafika kwa msukumo mdogo. Fikiria nyumba ya mwisho kwenye laini ya bomba, iliyoko mlimani. Siku za kawaida maji yanafika kwa shida shida lakini yanafika. Siku presha ya bomba ikishuka, wa bondeni bado wanakinga ndoo, yule wa mlimani bomba linatoa hewa tu. Siku ile ulipotoka damu mpaka ukazimia presha ya mwili ilishuka, na pituitari yako iliyokuwa imevimba ndo ilikuwa nyumba ya mlimani. Ikikaa bila damu muda wa kutosha sehemu yake inakufa, na ikishakufa haioti tena.

Hii hali inaitwa ugonjwa wa Sheehan, kwa jina la daktari wa Uingereza, Harold Sheehan, aliyeuandika vizuri mwaka 1937 baada ya kuchunguza miili ya wanawake waliofariki baada ya kutoka damu kwenye uzazi. Ulaya na Marekani sa hivi ni nadra, kwa sababu mama akianza kutoka damu anawahiwa, kwa hiyo huko pituitari ikishindwa kazi mara nyingi chanzo ni uvimbe. Kwetu bado upo, na naamini upo kuliko tunavyouandika kwenye mafaili, maana mama akishapona damu tunamruhusu anaenda nyumbani, tunasherehekea amepona, nani atamfuatilia mwaka wa tatu kumuuliza kwapa?

Na huwa unakuja polepole, hapo ndo unapodanganya. Cha kwanza kugoma ni maziwa, siku zile zile. Cha pili ni hedhi. Lakini amri za kwenda thairoidi na zile za kwenda tezi za juu ya figo zinaweza kuendelea kwa miaka, zinafifia kidogo kidogo kama betri ya tochi. Ndo maana miaka miwili ya mwanzo ulikuwa unaenda enda. Hukuwa mzima, ulikuwa unatumia akiba. Wapo wanaokuja kugundulika baada ya miaka 10 au zaidi toka wajifungue, na wakati huo hakuna anayekumbuka tena habari za kondo.

Sasa hiyo TSH yako ya 2.1 iliyokufanya urudishwe nyumbani. Watu wengi wanadhani TSH ni homoni ya thairoidi yenyewe. Hapana. TSH inatoka pituitari, ni sauti ya nyapara. Thairoidi ndo kibarua, na kazi anayoifanya inaitwa T4. Siku za kawaida kibarua akilegea nyapara anapaza sauti, TSH inapanda, 10, 30, 80, na sisi tukiona imepanda tunajua kuna uvivu site. Kwa watu wengi mfumo huu unafanya kazi vizuri kabisa, dada yako bila shaka aligundulika hivyo. Lakini nyapara mwenyewe akiwa mgonjwa, kazi imesimama na yeye kakaa kimya kwenye kivuli, unapita barabarani husikii kelele unasema aah mambo safi hapa. Kwa mtu mwenye tatizo la pituitari TSH inaweza kusoma chini, inaweza kusoma kawaida kabisa kama ya kwako, wakati mwingine hata juu kidogo, huku T4 iko chini kabisa. Kwa hiyo aliyekwambia thairoidi iko sawa hakukudanganya makusudi, alisikiliza nyapara bila kuangalia kazi. Ulitakiwa upimwe TSH na T4 huru, maabara wanaandika FT4, kwa pamoja.

Turudi kwenye pakiti ya dada. Kotizoli ni homoni inayoshikilia presha isidondoke na sukari isishuke ukiwa na njaa, na ndo inakuvusha ukipata homa, ajali, upasuaji. Kwa simulizi yako, kuanguka siku ya tatu ya mfungo na kuamshwa na maji ya sukari, presha 90 kwa 55, nina wasiwasi mkubwa kwamba kotizoli yako iko chini. Ukimpa mtu wa namna hii thairoksini peke yake, mwili mzima unaongeza mwendo, unahitaji kotizoli zaidi na ile ndogo aliyonayo inavunjwa haraka zaidi. Ni kama kukanyaga mafuta kwenye gari ambalo halina maji kwenye rejeta. Kwa siku chache anaweza hata kusema najisikia vizuri, halafu anaanza kutapika, presha inazama, anachanganyikiwa. Ndo maana kanuni yetu ni moja na haina mjadala: kotizoli inarudishwa kwanza, thairoksini inafuata. Dada yako yeye anameza bila shida kwa sababu nyapara wake mzima, kilicholegea ni kibarua tu. Dalili mnafanana, ugonjwa hamfanani.

Kuhusu chai. Sitaki kukukosesha raha kwa hela iliyokwisha enda, ila hakuna chai wala kidonge kimoja cha "kubalansi homoni", kwa sababu homoni sio kitu kimoja. Ni kama kusema dawa ya kubalansi magari. Gari lipi, lina nini, halina mafuta au breki zimeshika? Kuna mtu homoni zake zimezidi, kuna mtu zimepungua, kuna mtu moja imezidi nyingine imepungua, na kila mmoja dawa yake inaweza kumdhuru mwenzake. Mtu akikuuzia kitu kabla hajakuuliza ulijifunguaje, huyo anauza. Na ukikutana na wale wanaosema "tezi za adrenali zimechoka sababu ya stresi" (adrenali ndo zile tezi za juu ya figo) wakakuuzia virutubisho, jua hilo sio ugonjwa unaotambulika kwenye tiba, japo kukosa kotizoli kwa ukweli ni ugonjwa na unapimika. Kingine, mwambie anayesema umefungwa kizazi kwamba kizazi chako inawezekana ni kizima kabisa, kinasubiri amri ambayo haiji. Mama mkwe simjibu mimi, ila ukipata majibu mchukue mwende wote kliniki asikie mwenyewe, nimeona hiyo inasaidia kuliko kubishana jikoni.

Sasa niwe mkweli kwako: sijakuona, sijakupima, na kwa swali la maandishi siwezi kusema una Sheehan kwa uhakika. Kuna mambo mengine yanaweza kufanana. Kama walikusafisha kizazi kwa nguvu kutoa kondo, makovu ndani ya kizazi yanaweza kuzuia siku zisirudi, ila hayo hayazuii maziwa wala hayakuletei baridi. Thairoidi inaweza kuyumba mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, ila ingekuwa hiyo TSH ingeongea. Sonona baada ya uzazi inachosha vibaya sana, na inaweza kukaa pamoja na haya yote, usiione aibu ukiulizwa. TB inaweza kuharibu tezi za juu ya figo moja kwa moja, ila hapo ngozi huwa inakuwa nyeusi zaidi kwenye mikunjo ya viganja na kwenye fizi, wakati wa pituitari anapauka. VVU, figo, sukari, vyote vinapimwa. Uvimbe kwenye pituitari nao upo, huo mara nyingi unakuja na kichwa kuuma na macho kuona vibaya pembeni, unagonga fremu ya mlango kwa bega kwa sababu hukuuona. Na mimba nayo inapimwa hata kama unacheka, ni kipimo cha dakika tano.

Unachotakiwa kufanya ni kwenda hospitali yenye daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, ikipatikana ya rufaa yenye kliniki ya homoni ndo bora zaidi. Wewe uko Dar una Muhimbili, wasomaji wa Kaskazini wana KCMC pale Moshi, Kanda ya Ziwa wana Bugando. Usiingie ukasema "nimechoka daktari", utapewa vidonge vya damu tena. Chukua karatasi andika hivi: nilitoka damu nyingi nikijifungua mwaka fulani, nikazimia, nikaongezwa chupa 4, maziwa hayakutoka, sijaona siku miaka 5, nasikia baridi, presha ya chini, nilianguka nikiwa nimefunga, naomba tuangalie pituitari. Mkabidhi daktari aisome. Daktari mwenye haraka anaweza kukukatisha ukiongea, karatasi hawezi kuikatisha.

Vipimo atakavyotaka ni kotizoli ya asubuhi, na hii lazima itolewe kati ya saa 2 na saa 3 asubuhi maana kwa kawaida inapanda alfajiri na kushuka jioni, ukipima saa 9 mchana namba haina maana. Ikisoma chini ya 100 kwa kipimo cha nanomoli basi upungufu karibu ni uhakika, ikiwa juu ya 400 au 500 tunapumua, katikati hapo tunakuchoma sindano ya kuamsha tezi za juu ya figo na kupima kotizoli tena baada ya nusu saa na saa moja. Maabara zinatofautiana mashine kwa hiyo usijisomee peke yako ukalia au ukashangilia. Kisha TSH na FT4 pamoja, prolaktini ambayo ndo homoni ya maziwa, FSH na LH ambazo ndo amri za pituitari kwenda kwenye mayai, na estrojeni ambayo ni homoni ya kike inayotoka kwenye mayai yenyewe, chumvi ya sodiamu kwenye damu, sukari, na FBP kuangalia damu. Mwanamke wa miaka 34 asiyeona siku, kama tatizo ni mayai yake kuisha mapema basi FSH inapanda sana. Kama FSH iko chini au "kawaida" huku estrojeni iko chini, macho yanarudi kwa nyapara.

MRI ya kichwa, ile picha ya mashine ya sumaku, itakuja kuonyesha pale kwenye kiti cha pituitari pamebaki patupu au pana uvimbe, ni kipimo kizuri, ila ni ghali na foleni yake unaijua. Kama hela ni ya kuchagua, homoni kwanza. Na kama kotizoli imeonekana iko chini matibabu yanaanza siku hiyo, hayasubiri MRI. Nimeona mgonjwa kachangiwa na ukoo mzima hela ya MRI miezi minne huku dawa yenyewe ya kumsimamisha ni ya bei ya chipsi.

Maana dawa ya kwanza ni haidrokotisoni, kwa kawaida miligramu 15 mpaka 20 kwa siku nzima, zimegawanywa, kubwa unameza ukiamka, ndogo mchana au alasiri, kumuiga mwili unavyotoa wenyewe. Shida ya kwetu vidonge vya haidrokotisoni vinasumbua kupatikana, unaweza kuzunguka famasi sita. Vikikosekana tunatumia prednisoloni kidogo, kama miligramu 3 mpaka 5 asubuhi, ipo kila famasi na ni rahisi. Najua utaambiwa "sitiroidi zinanenepesha, zinaoza mifupa". Hayo ni ya dozi kubwa, za mtu ambaye mwili wake una kotizoli yake halafu anaongezewa juu. Wewe tunakurudishia kile kilichopotea, kiasi kile kile, hatukuzidishii. Na watu wengi siku tatu nne za kwanza wanasikia tofauti, nilishapigiwa simu na mama mmoja saa 12 asubuhi kuniambia tu ameamka na kadeki nyumba.

Ikishatulia ndo thairoksini inaingia, kwa dozi yako sio ya dada yako, tumbo tupu, nusu saa mpaka saa moja kabla ya chai, na vile vidonge vya damu ulivyopewa viache mbali nayo masaa manne, madini chuma yanaizuia isifyonzwe. Hii ni polepole, wiki 6 mpaka 8 ndo tunapima tena. Na hapa kuna mtego naomba uukumbuke miaka yote: kwako dozi inapangwa kwa kuangalia FT4, sio TSH. Siku utakutana na daktari mgeni ataona TSH imeshuka atasema dozi imezidi apunguze, mwambie kwa heshima kwamba tatizo langu ni la pituitari, TSH yangu haisemi kitu. Anaejua atakuelewa hapo hapo.

Ya tatu ni estrojeni na projesteroni, mpaka umri ule ambao wenzako hedhi inakoma, karibu miaka 50. Wengi wanairuka hii wanasema si sijataka kuzaa tena. Miaka 5 bila estrojeni mifupa inapungua kimya kimya, ukavu ukeni unaumiza ndoa na hamna anayesema, moyo nao unapoteza kinga. Kuna wasiotakiwa kupewa, waliowahi kuganda damu kwenye mguu, waliougua saratani ya titi, hayo utaulizwa. Kuna na homoni ya ukuaji, hiyo nayo huwa imekufa, na huko nje wengine wanapewa sindano zake kila siku, ila bei yake haishikiki na wagonjwa wetu karibu wote wanaishi vizuri bila hiyo. Ndo hali halisi.

Kuhusu mtoto wa pili, hukuuliza lakini wanaouliza ni wengi. Kama umeshapewa klomifeni, vile vidonge vya kupevusha mayai, au utapewa, jua klomifeni inafanya kazi kwa kuishtua pituitari, sasa pituitari iliyokufa unaishtua vipi? Nimeona mama ana risiti za miaka mitatu za dawa hiyo. Kinachoweza kusaidia ni sindano za homoni zenyewe zinazoenda moja kwa moja kwenye mayai, chini ya daktari wa uzazi, inawezekana ila inakula hela nyingi na ultrasaundi nyingi. Na wapo wachache ambao pituitari yao haikufa yote wanashika mimba wenyewe bila kutegemea, kwa hiyo kama hutaki usijiachie kabisa. Ukishika, dozi zinabadilishwa na unajifungulia hospitali kubwa, sio popote.

Sasa la hatari. Ukianza dawa hizi za kotizoli huziachi hata siku moja, hata ukijisikia umepona, hata mchungaji au shehe akikwambia umeshaponywa tupa dawa. Ukipata homa, malaria, jino kung'olewa, dozi inaongezwa mara mbili au tatu kwa siku hizo. Ukitapika kidonge kikagoma kukaa, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo kuchomwa haidrokotisoni ya sindano, miligramu 100, ukichelewa unaweza kufa. Na kwa sasa kabla hujaanza dawa yoyote ni hivyo hivyo: ukitapika, ukichanganyikiwa, ukishindwa kusimama, usisubiri miadi, nenda idara ya dharura na ile karatasi yako. Nikiwa bado daktari mchanga tuliletewa mama usiku, katapika siku mbili, sukari imeshuka, presha haipimiki, tukampa dripu na sindano za malaria ingawa kipimo kilisoma hana, alikuwa hainuki. Alfajiri nesi mmoja mtu mzima akamvalisha gauni akaniita pembeni akasema daktari, huyu mama hana nywele mwilini. Nikamuuliza mume mtoto wa mwisho ana miaka mingapi, akasema 11, na siku anazaliwa nusura tumzike mama yake. Tukamchoma haidrokotisoni. Mchana alikuwa anaomba chai. Mimi nilikuwa nimemuangalia masaa sita sikuona.

Na mfungo. Usifunge kwanza mpaka upimwe, hata sunna. Baada ya dawa kukaa sawa kuna wanaoweza kwa mipango maalum na daktari, ila kwa aliyewahi kuanguka kama wewe mimi siruhusu kirahisi, na dini imeshamuwekea mgonjwa njia yake, muulize shehe wako akueleze habari ya fidia.

Wiki hii tafuta tu ile kadi ya kliniki na karatasi ya ruhusa ya hospitali uliyojifungulia, ile iliyoandikwa chupa za damu, hata kama imechanika ibebe, daktari akiiona atakuamini haraka kuliko maneno yangu. Na hiyo pakiti mrudishie dada yako leo leo, yeye anaihitaji.